Kabla ya kuhesabu wakia, tafuta pa kuweka mawe taka

Wadogo zangu mnaoingia ofisi ya mipango kwenye migodi ya dhahabu ya chini ya ardhi, iwe Bulyanhulu, Geita au North Mara, siku za mwanzo kila mtu atawauliza wakia. Tani ngapi za mbale, yaani mawe yenye dhahabu, gramu ngapi kwa tani, wakia ngapi mwisho wa mwezi. Wana haki ya kuuliza, maana ndiyo mishahara ya wote. Lakini mpango unaoonyesha mbale peke yake haujakamilika. Kabla ya kuifikia mbale lazima mlipue mwamba usio na kitu, kwa miezi na pengine miaka, na mwamba huo lazima uende mahali.

Anzeni na hesabu hii, ifanyeni kwa mkono mpaka iwakae kichwani. Njia yenye upana wa mita 5 na kimo cha mita 5 inatoa mita za ujazo 25 kwa kila mita mnayosonga mbele. Tukichukua tani 2.8 kwa mita ya ujazo, kila mita ni tani 70. Mpango wa mita 300 kwa mwezi, zote kwenye mwamba mtupu, unawaletea tani 21,000 za mawe taka. Na jiwe likishalipuliwa linavimba, kwa kawaida kwa asilimia 30 hadi 50. Tukisema 40, zile mita za ujazo 7,500 zinakuwa 10,500.

Sasa chukueni chumba kimoja kilichokwisha kutolewa mbale, chenye urefu wa mita 20, kimo cha mita 25 na upana wa mita 8. Nafasi yake ni mita za ujazo 4,000. Kinapokea mawe ya mita 114 tu za njia, tena kama kingejaa mpaka darini, jambo ambalo mawe makavu, yasiyochanganywa na saruji, hayafanyi. Kwa mita 300 mnahitaji karibu vyumba vitatu vitupu mwezi huohuo. Mgodi mchanga hauna hata kimoja. Ndiyo maana miaka ya kwanza karibu kila jiwe linapanda juu.

Na kulipandisha si bure. Njia kuu ikiwa na mteremko wa moja kwa saba, kutoka kina cha mita 400 ni kilomita 2.8 za kupanda. Kwa lori la tani 45, tani 21,000 ni safari 467, sawa na 15 au 16 kwa siku. Lori la mawe taka linakula dizeli ileile, linatumia hewa ileile ya feni na linaziba njia ileile ya lori la mbale. Mkiona mbale imechelewa kutoka, kabla ya kumlaumu dereva angalieni mawe taka yalipangiwa saa ngapi.

Kwa hiyo nafasi tupu za chini zithaminini. Hapa ndipo pa kutumia akili zaidi, kwa sababu mawe taka hayazigombei peke yake. Bulyanhulu, kwa mfano, hujaza vyumba kwa tope zito la mabaki ya kinu kinachosaga mbale, lililochanganywa na saruji. Chumba ambacho pembeni yake kitachimbwa kingine baadaye kinahitaji ujazo wenye saruji unaoweza kusimama wenyewe. Mkitupa humo mawe makavu, siku mtakapolipua chumba jirani yataporomoka na kuchanganyika na mbale, na kinu kitasaga takataka kwa gharama kamili. Mawe makavu yapelekeni kwenye vyumba vya mwisho, ambavyo hakuna atakayefungua pembeni yake tena. Hilo huamuliwa wakati wa kupanga mfuatano wa uchimbaji. Chumba kikishakuwa wazi mmechelewa.

Yanayobaki juu yana sheria nyingine. Mwamba wenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, ukikutana na hewa na mvua unatengeneza asidi, na asidi inabeba metali hadi mtoni. Kila tani yenye asilimia 1 ya salfa ya pairaiti inahitaji karibu kilo 31 za chokaa ya mawe kuituliza. Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, na wanaoutegemea mto huo ni watu na mifugo. Mwombeni mjiolojia vipimo vya salfa kabla njia haijachongwa. Mawe mabaya yawekwe katikati ya rundo, yazungukwe na mawe salama na udongo wa mfinyanzi, au yarudishwe chini, hasa mahali ambapo maji yatakuja kuyafunika baada ya mgodi kufungwa. Mitaro ichimbwe kabla ya vuli.

Kumbukeni pia magwangala ya Geita, yaani mawe taka ambayo wananchi huyachambua kutafuta dhahabu iliyobaki. Mwaka 2016 suala lake lilifika hadi kwa Rais Magufuli, akaagiza vijana wapewe. Mawe ambayo mgodi unayaita taka, jirani anaona ndani yake ada ya shule. Kwa upande wenu, mbale hafifu ipewe rundo lake, maana bei ikipanda mtaitafuta. Na rundo lolote mnalolichora, jueni watu watalifikia. Miteremko yake iwe ya kuvumilia mguu wa binadamu.

Katika mpango wa mwezi, kila mstari wa mawe taka uwe na tani, aina na mahali pa kwenda. Kisha shukeni zamu ya usiku mkaangalie rangi aliyopaka mjiolojia kwenye fesi, uso wa mwamba unaochimbwa, na mwulizeni mwendesha loda, mashine ya kupakia mawe, lori hili linakwenda wapi. Akisita, nendeni mkarekebishe ubao wa zamu usiku huohuo. Mwisho wa mwezi linganisheni safari zilizoandikwa na ujazo aliopata mpima kwenye rundo. Tofauti ikiwa kubwa, huenda kuna mbale iliyomwagwa kwenye taka, au taka iliyopelekwa kinuni.