Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Fremu ya Keko

Keko, Jumapili jioni

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikaa na daftari na kalamu. Umeniuliza swali moja, tena kwa adabu: kama fremu ya duka letu hili la vifaa vya useremala ikipangishwa inaingiza laki 6 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi, na duka mwezi mzuri linaniachia laki 4, mwezi mbaya hata mbili hazifiki, mama unafungua la nini kila asubuhi?

Hesabu yako haina kosa. Na mimi nimeipiga, nikaongeza vitu ambavyo hukuviweka: leseni, ushuru wa taka, luku, chai ya kijana wa dukani, na mashine ya risiti iliyoharibika mara mbili mwaka huu. Ikazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo usidhani sijui kuhesabu. Asiyejua kuhesabu alikuwa baba yako, na hilo humu ndani halina ubishi, Mungu amrehemu.

Ila hukuniuliza mafundi wamekwenda wapi. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia.

Kila mtu atakwambia Kariakoo. Ni kweli. Mtu wa jumla anashusha kontena, anakuuzia pakiti moja kwa bei ambayo mimi nikichukua kumi ndiyo ninaipata. Fundi anasimama hapa kaunta, anaishika bawaba, anaipindua, ananiuliza ipi haitashika kutu kwenye mlango wa bafuni. Namweleza. Anaipiga picha. Jioni bodaboda anapita mbele ya duka langu na mfuko wa bawaba zilezile, na wiki iliyopita mmoja alisimama akaniuliza karakana ya huyo fundi iko uchochoro gani. Nikamwelekeza. Ningefanyaje?

Lakini Kariakoo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni masofa. Viti vyetu vya sebuleni, vile vya mninga ambavyo dada yako alivichora kwa bikari akachapwa, unajua vilikula nini? Msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, halafu vanishi mara tatu, na kila ikikauka anarudi tena na msasa laini. Kiti kimoja kilikuwa kinanilipia mkate wa wiki. Sofa la leo ni mbao za Mafinga ambazo hata randa hazijaonja, zinapigiliwa misumari, zinavishwa sponji na kitambaa, basi. Mbao siku hizi inavaa nguo. Nani atapiga msasa kitu kisichoonekana? Na mninga wenyewe umekuwa wa kutafuta kwa tochi. Ukitoka Tabora au Katavi na vibali vyake na nauli yake, mteja akitajiwa bei anacheka, anaomba sofa.

Makabati nayo ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa. Ubao unakatwa na mashine, unabandikwa ukingo, unataka slaidi za droo na bawaba za kujifunga zenyewe. Mwaka 2019 uliniambia niziweke, nikakujibu hizo si bidhaa za seremala. Hapo nilikosea, na sitalisema mara ya pili.

Sasa usinielewe vibaya. Baba yako alikuwa na neno lake, ambalo mmelisikia mpaka mkalichoka: fundi hatumwi mjini kwa skrubu moja. Kabakiza droo ya mwisho, mwenye kabati anakuja saa kumi, skrubu zimepungua tatu. Apande daladala? Duka liliwekwa hapa kwa ajili ya mtu huyo. Kariakoo hawafungui pakiti. Mimi nafungua, nahesabu tatu, nazifunga kwenye kipande cha gazeti. Faida yake haifiki hata bei ya kitumbua, hilo nalijua, usilipigie hesabu.

Unakumbuka Mei 2023, Kariakoo walipogoma kwa mambo ya kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu akaenda kukaa nao pale Mnazi Mmoja? Ulinipigia simu siku ile ukaogopa kwa sababu sipokei. Sikupokea kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye misumari! Siku tatu, Hamisi. Mafundi niliodhani wamekufa walikuja. Yule wa Keko Machungwa mwenye kidole kimoja kifupi alikuja, akaniambia, "Mama Hamisi, kumbe bado upo?" Kumbe bado nipo. Kijana alikuwa anapima misumari hadi saa mbili usiku, mimi napokea hela nyingine nimezitia kwenye kopo la rangi kwa sababu droo imejaa. Nilisema, mnaona sasa? Fundi hatumwi mjini kwa skrubu moja. Siku ya nne Kariakoo wakafungua, na mimi nikakaa peke yangu na feni.

Nilikasirika. Kisha nikajiuliza, nakasirika kwa haki gani? Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima bila kukujibu.

Babu Gundi unamkumbuka, yule mzee wa Gerezani uliyempa jina wewe mwenyewe kwa sababu duka lake lilinuka gundi ya kuchemsha. Baba yako alipopunguzwa kazini mwaka 1994, mashirika ya umma yakibinafsishwa, kiinua mgongo kilitosha kununua hapa na kuweka bati. Mali ya kuweka ndani haikuwepo. Mzee ndiye aliyempa mali kauli: chukua, uza, rudi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Miaka saba tulikula kwa kauli ya yule mtu, na ada yako ya chekechea imo humo.

Baadaye baba yako akapata mwagizaji, akawa anachukua kwake moja kwa moja. Hilo si dhambi. Ila aliteremsha bei mpaka rejareja yetu ikawa chini ya bei ambayo mzee alikuwa anatuuzia sisi jumla. Mafundi wa Gerezani wakaanza kuvuka kuja Keko. Tulifurahi. Mimi nilifurahi, niandike ukweli. Cherehani yangu ilinunuliwa mwaka ule.

Ilikuwa Jumamosi, 2003, uko darasa la pili, umekaa juu ya ndoo ya rangi unasoma herufi za maboksi. Mzee akaingia, kanzu imeshika vumbi chini kwa kutembea kutoka kituoni. Hakumuulizia baba yako. Akaomba pakiti moja ya skrubu za inchi moja na nusu, namba 8. Nikampa. Akaifungua palepale, akatoa moja, akaiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akapitisha ukucha kwenye meno ya skrubu polepole kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaniuliza, "Bei ndiyo hiyo wanayoisema?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Akatoa noti. Nikataka kumwambia chukua tu, baba, lakini mkono uliganda kwenye droo. Nikimpa bure nimekiri. Nisipompa bure nimefanya nini? Nikamhesabia chenji. Chenji, Hamisi, yule mtu! Akaichukua, sarafu moja akakupa wewe, ukatoka mbio kwenda kununua ubuyu. Akaniambia, "Msalimie mwenzio," akaenda zake.

Mwaka uliofuata akafunga. Pale sasa wanauza makava ya simu.

Jioni nilipomsimulia baba yako, alisema biashara ni biashara, mteja hana ndoa. Nikaitikia. Na mpaka leo sioni alipokosea. Mafundi walipata nafuu, nyinyi mmesoma, na mzee mwenyewe alipoanza lazima kuna mtu aliyepoteza wateja. Deni lake tulilipa lote; daftari la mwaka ule nimelipekua tena juzi, ni safi, hatudaiwi hata senti. Basi mbona siwezi kumfukuza fundi anayepiga picha bawaba zangu? Nashika ufagio kabisa. Halafu naviona vile vidole viwili vinaviringisha skrubu, na ufagio unarudi pembeni.

Labda ni uzee. Dada yako anasema ni uzee. Lakini dada yako naye mlango wa jikoni kwake ulipolegea saa tatu usiku alimtuma mtoto wapi? Kwangu. Hakumtuma Kariakoo.

Kuhusu madeni, kwa kuwa najua utauliza: yapo. La madawati ya mwaka 2016, lile agizo la kila mwanafunzi kupata dawati, bado liko ukurasa wa kwanza. Fundi alichukua boliti na vanishi kwangu, ofisi iliyompa kazi ikamlipa nusu, nusu nyingine ikawa "njoo kesho" mpaka akarudi kwao Mtwara. Namdai yeye, lakini simlaumu. Usinipigie simu kuhusu hilo.

Sasa unasubiri niseme, napangisha au sipangishi. Jibu ninalo, mwanangu, na unanijua mimi si mtu wa kulala na neno mdomoni. Mara mbili nimeliandika hapa na mara mbili nimechana ukurasa. Fremu baba yako aliiacha kwa majina yenu wawili, si langu, na nikitamka leo mtatii. Halafu mtatii mpaka nife, mnung'unike kwenye simu zenu. Kwa hiyo nimenyamaza. Ninachotaka ni kimoja: likizo ukitoka Dodoma usiende kulala Kigamboni kwa shemeji yako. Kaa kaunta siku tatu. Anza Jumatatu, ndiyo siku mbaya kuliko zote, sitaki uje uone Jumamosi ukadanganyika. Sijasema kitu, nimekualika tu. (Haya, nimesema kidogo.)

Yule mtu wa masofa uliyempa namba yangu alikuja jana kupima fremu. Kavaa vizuri, ana heshima, ila alikuja kupima bila futi. Akaniangalia, nikamwangalia, futi zimening'inia nyuma yangu kumi na mbili. Nikamuuzia moja, elfu tano, hakuomba hata kupunguziwa. Akapima upana, akapima kina, akapima tena upana, akaandika kwenye simu, akasema atanipigia Ijumaa.

Mkeo nimemwekea khanga, na mjukuu wangu mwambie ndoo ya rangi ya kukalia bado ipo.

Mama yako