Jogoo anapanda, mayai hayatotoi: kosa ni la joto?

SWALI: Jogoo wangu anawika na kupanda kama kawaida, lakini tangu joto lianze, mayai mengi ninayoyamulika siku ya 7 ni meupe, hayana kitu. Nimeshauriwa nimchome sindano ya homoni. Au nimuuze?

JIBU: Usimuuze bado, na sindano hiyo usimchome kabisa. Kupanda ni jambo moja, kuwa na mbegu hai ni jingine.

Korodani za jogoo zimo ndani ya mwili, karibu na figo, na mwili wenyewe una nyuzi 41 hivi. Banda likizidi nyuzi 32 anahema mdomo wazi, anakula kidogo, na mbegu zinapungua wingi na nguvu. Mbegu huchukua takriban wiki 2 kutengenezwa, kwa hiyo hata hewa ikipoa leo, mpe wiki 3 au 4 kabla ya kumhukumu. Wakati huo mpe kivuli, hewa inayopita na maji ya baridi muda wote. Chakula kiwe alfajiri na jioni.

Kwanza lakini hakikisha kosa ni lake. Pasua mayai mabichi 10 ya leo, utazame doa jeupe juu ya kiini. Doa dogo, zito, lenye kingo zisizo sawa: yai halina mbegu. Duara pana kama milimita 4, lenye pete: lina mbegu, na huenda tatizo ni uhifadhi. Yai likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 21, kijusi huanza kukua kwa kusuasua kisha hufa, na ukilimulika unaliona tupu. Yaweke kwenye nyuzi 15 hadi 18, yasizidi siku 7.

Sasa hizo sindano, maana kila msimu wa joto zinauzwa kwa wafugaji. Homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo hupunguza amri unazozipelekea korodani, nazo husinyaa. Upanga wa kichwani utazidi kuwa mwekundu, atawika na kupigana zaidi, nawe utadhani amepona, kumbe mbegu zinazidi kupungua. Vitunguu, pilipili na mizizi ya kuchemsha havishushi joto la banda. Anayekuuzia dawa, muulize kama amepasua hata yai moja kati ya mayai yako.