Tumpime aliyebaki ofisini

Mhariri salaam, na wasomaji wote. Wiki hii mmeuliza hivi hizi programu za kimataifa za mafunzo ya teknolojia ya kidijitali, za Wajapani, Wahindi, Wachina na yale makampuni makubwa ya Marekani, zinajenga ujuzi huku kwetu au zinajenga CV ya aliyesafiri tu. Mimi ni fundi mtandao kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, nashinda na swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta za jengo), ruta (kinachoelekeza trafiki, yani data, kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine) na faiba (nyaya zinazopitisha data kwa mwanga), na kiukweli jambo hili liko moyoni mwangu miaka mingi. Jibu langu ni kwamba zinajenga, tena sana, ila kipimo chetu ndo kibovu. Tunampima aliyekwenda: kapata cheti, kapiga picha, kapandishwa cheo. Hatuulizi yule aliyebaki ofisini alipata nini mwenzake aliporudi.

Mimi ni mmoja wa waliobaki. Sijawahi kupelekwa kozi ya nje, na karibu kila kitu cha maana ninachokijua kuhusu mitandao nimefundishwa na dada mmoja wa idara yetu aliyekwenda kwenye warsha ya wahandisi wa mitandao ya vyuo. Aliporudi hakuishia kuandika ripoti. Alitoa stoo swichi chakavu zilizokuwa zinasubiri kufutwa kwenye daftari la mali, akaziwasha chumba cha seva, akatuita mafundi wote pamoja na vijana wa field, akaanza kutufundisha kile kile alichofundishwa, kwa Kiswahili, jioni baada ya kazi, na mtu akikwama anasimama hapo hapo mpaka aelewe.

Mnaofanya kazi hizi mnajua mitandao mingi ya vyuo vyetu ilivyokua. Likijengwa jengo jipya waya unavutwa kutoka swichi ya jengo la jirani, hiyo nayo ilivutwa kwa jirani mwingine, mpaka ukifika hosteli ya mwisho unakuta swichi zimefuatana huko nyuma na hakuna anayekumbuka ipi inalisha ipi. Halafu wote wako kwenye mtandao mmoja, uhasibu, maabara, hosteli, kwahiyo mwanafunzi mmoja akichomeka ncha zote mbili za waya kwenye swichi ile ile, yani kitu cha sekunde mbili, chuo kizima kinazima na mafundi mnaanza kuzunguka majengo mkichomoa waya mmoja mmoja. Yeye alirudi na jibu: kila jengo lipate faiba yake mpaka katikati, ruta ikae katikati, kila kundi la watumiaji liwe na VLAN yake, yani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi zile zile, anwani za IP, zile namba za kila kifaa mtandaoni, zigawiwe kwa mpango ulioandikwa, na iwepo programu ya kufuatilia inayokuambia swichi ya maktaba imezima kabla mkutubi hajapiga simu. Siyo maajabu hayo, yapo kwenye vitabu, lakini kuyasoma kwenye PDF ni kitu kimoja na kuonyeshwa na mtu aliyekuwa anateseka na mtandao ule ule unaokutesa wewe ni kitu kingine kabisa.

Sasa warsha za namna ile hazikuanza juzi, na wengi wanaobishana kuhusu mada hii wanadhani mafunzo ya kimataifa yamekuja na haya makampuni ya simu. Mwaka 1993 Internet Society, shirika la kimataifa la kuendeleza intaneti, ilianza kuwakusanya wahandisi kutoka nchi ambazo intaneti ilikuwa haijafika au ndo kwanza inaingia, warsha ya kwanza ikawa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka iliyofuata ikahamia Prague, Honolulu, Montreal, Kuala Lumpur. Watu walirudi makwao wakaunganisha nchi zao. Ila fikiria gharama ya kumtoa fundi mmoja Afrika mpaka Honolulu, unapeleka wangapi? Ndo maana mwaka 2000 Waafrika wenyewe, Profesa Nii Quaynor wa Ghana akiwa mbele, wakaanzisha AfNOG, umoja wa waendesha mitandao Afrika, na warsha yao ya kwanza wakaifanyia Cape Town. Baada ya hapo ikawa inazunguka bara: Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011 na miji mingine mingi, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa pia, maana Burundi na Kongo nao wana mafundi.

Mpango wenyewe ndo ninaoupenda. Walimu wanajitolea. Mshiriki anakaa na kompyuta na ruta mbele yake, anajenga mtandao wake, anauunganisha na wa jirani yake kwa BGP, ile lugha ambayo ruta za mitandao tofauti zinaambiana njia, kikikosewa kitu cha mmoja wengine wanaona. Na aliyefaulu mwaka huu anaweza kuitwa mwaka unaofuata akawe msaidizi, halafu mwalimu, halafu anakwenda kufungua warsha kama hiyo nchini kwake. Wapo pia NSRC, kituo cha Chuo Kikuu cha Oregon kinachosaidia kuanzisha mitandao, wako kwenye kazi hii tangu 1992, wao wanashirikiana na mitandao ya elimu na utafiti kama KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET yetu hapa, na masomo yao wameyaweka wazi mtandaoni unapakua bure na kuyatumia kufundishia. Dada yetu alitumia hayo hayo. Kina dada wenyewe nao walijipanga mapema tu, mwaka 2004 ikaanzishwa AfChix ili wanawake wa fani hii wasibaki wawili watatu darasani, na mmoja wa waanzilishi wake, Dorcas Muthoni wa Kenya, mwaka 2014 aliingizwa kwenye Internet Hall of Fame, orodha ya heshima ya walioijenga intaneti. Profesa Quaynor alishaingizwa mwaka mmoja kabla yake.

Faida ya watu hawa kuwepo mnaitumia kila siku bila kuiona. Miaka ile ya mwanzo barua pepe ya kutoka ofisi moja Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, kama kila mmoja anatumia kampuni yake ya intaneti, ilikuwa inapanda setilaiti kwenda Ulaya au Marekani halafu inarudi, na setilaiti zile zipo karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi, kwahiyo hata mitambo ikiwa mizima huwezi kukwepa karibu nusu sekunde ya kwenda na kurudi, na dola zinalipwa kwa kila safari. Mwezi wa 11 mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ndani ya nchi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki hiyo ni yake, mdhibiti akakifunga ndani ya wiki chache, wakapambana mpaka Februari 2002 kikafunguliwa tena kwa leseni. Dar nayo ikapata TIX. Kituo kama hicho ukikiangalia kwa macho ni swichi tu kwenye kabati, yani vifaa siyo tatizo, kinachotakiwa ni watu kwenye kila kampuni wanaoijua BGP na wanaoaminiana kiasi cha kuunganisha mitandao yao, na hicho kuaminiana kinatoka kwenye kukaa darasa moja na kupigiana simu usiku. Hata SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009, kebo ya baharini haijiendeshi yenyewe, walikuwepo tayari watu wa kuipokea.

Upande wa pili nao niuseme. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, ilikuja nafasi ya kozi ya usalama wa mitandao nje ya nchi, wiki kadhaa, imelipiwa kila kitu, na barua ilisema wazi anatakiwa fundi anayeshika mitambo. Alikwenda mkubwa mmoja ambaye hana hata nenosiri la ruta, akarudi na cheti na begi, ripoti ikapelekwa juu, na muda si mrefu akastaafu. Sisi tuliobaki tuliendelea na faya woli ile ile isiyoboreshwa, yani kile kinga cha kuzuia wavamizi wa mtandao. Mlioajiriwa nadhani wengi mnaijua hii, posho ya safari inaamua nani akajifunze. Na waandaaji huko nje wanahesabu nchi yetu imeshiriki, mshiriki mmoja, wanaweka tiki. Inaniuma mpaka leo maana nafasi ile ilikuwa ya kijana fulani pale ofisini aliyekuwa anajisomea usiku kwa bando lake mwenyewe.

Hizi programu nyingine kubwa zimetofautiana sana, siwezi kuzitia kapu moja. Wajapani walitangaza ABE Initiative mwaka 2013 kule Yokohama kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, vijana 1,000 wa Afrika ndani ya miaka mitano, masters pamoja na mafunzo kazini kwenye kampuni za Kijapani, na wanasema wazi wanataka watu watakaokuwa kiungo cha biashara kati yao na sisi, mimi sioni ubaya mtu akikwambia mapema anachotaka. India wana ITEC tangu 1964, kozi fupi fupi kwa watumishi wa serikali. Huawei wana Seeds for the Future tangu 2008, Cisco wana Networking Academy tangu 1997 na vyuo vyetu kadhaa vinaifundisha. Haya makampuni kila moja linafundisha kwa vifaa vyake, hilo lijulikane, na mwalimu makini hapa nyumbani analijua la kufanya: mfundishe mtoto OSPF, lugha ya ruta za mtandao mmoja kuambiana njia, ambayo inakubali kwenye vifaa vya kila kampuni, kabla hujamjaza EIGRP, lugha ya kazi hiyo hiyo iliyozaliwa Cisco, maana huko mtaani na mashuleni atakutana na ruta za MikroTik, na MikroTik haiongei EIGRP. Siku hizi wengine wamekuja na madarasa kabisa, Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, wapo Kigali tangu 2011, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wamefungua Zanzibar mwaka 2023, kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India. Nafurahi sana kuona kijana wa Unguja anasoma data science bila kuvuka bahari, na ningependa kuona baada ya miaka michache wahadhiri pale ni watu wa hapa waliotokea pale pale.

Kuna msomaji aliandika kwamba haya yote yamepitwa na wakati kwasababu kozi zipo onlaini bure, kaa na laptopu yako usome. Ndugu yangu nakuelewa, na kwa anayejifunza kuandika programu uko sahihi kwa sehemu kubwa, Coursera na edX zipo tangu 2012, freeCodeCamp ni bure kabisa, na hata sisi wa mitandao Packet Tracer ya Cisco imetubeba sana, unajenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja. Lakini kuunganisha faiba hakufundishiki kwenye skrini, lazima ushike ule uzi, uukate, uusafishe, uharibu kadhaa mpaka mkono uzoee. Na kozi hizo zimepangwa kwa mtu mwenye intaneti isiyokatika, na mwenye Kiingereza cha kumfuata mwalimu anayeongea haraka, kijana wa VETA ambaye mikono yake ni mizuri kuliko yangu anaachwa nje kwasababu ya lugha tu. Anayerudi kutoka warsha akakaa na wenzake akaeleza kwa Kiswahili ndo anayelifungua hilo lango, na hakuna video iliyowahi kunisubiri mpaka nielewe kwanini ruta yangu inakataa kuungana na ruta ya jirani.

Wengine wanaogopa kwamba ukimsomesha mtu anakimbia. Anakimbia kweli, mishahara yetu mnaijua. Yule dada mwenyewe hayupo tena kwetu, alipata kazi Dar kwenye kampuni inayomlipa anavyostahili, na mimi nilimpongeza kwa moyo wote. Mtandao haukufa. Alikuwa ameshatufundisha, na mmoja wa wale vijana wa field aliokuwa nao sa hivi ndo anashika mtandao wa hospitali moja ya mkoa jirani, tunapigiana simu kila wiki tukikwama. Mwajiri anayetaka kumfunga mtu kwa mkataba wa miaka mitano baada ya kozi ya wiki mbili anahangaika na mtu mmoja, wakati angeweza kumwomba tu afundishe wenzake kabla hajaondoka.

Kwahiyo kwa waandaaji wa programu hizi, na najua baadhi mnalisoma gazeti hili, ongezeni kwenye fomu sehemu ndogo tu: ukirudi utamfundisha nani, lini, na kwa vifaa gani. Mwajiri asaini hapo. Miezi sita ikipita mpigie simu aliyefundishwa, siyo aliyesafiri, muulize amejifunza nini, akishindwa kusema, mwaka ujao nafasi ya ofisi ile mpeni mwingine. Na kama bajeti inaruhusu waleteni wawili kutoka sehemu moja badala ya mmoja mmoja kutoka sehemu mbili, maana mtu mmoja akirudi peke yake na mawazo mapya ofisi inamchosha haraka.

Idarani kwetu imekuja nafasi nyingine mwaka huu, ya mambo ya IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, na usalama wa ruta. Tumekaa tukakubaliana anakwenda binti aliyeajiriwa karibuni, ndo anayepanda nguzo na kushika waya kila siku, na mkuu wa idara amekubali tarehe za yeye kutufundisha ziandikwe ndani ya barua yenyewe ya ruhusa, alasiri za Jumatano, milango wazi kwa mafundi wa shule za sekondari na hospitali za jirani. Mafundi mlioko karibu njooni na laptopu.