Maswali ya Wasomaji: Mstari wa Msingi Unaohama

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kemia, naishi Sinza, Dar es Salaam. Ninapima kwa spektroskopia ya Raman (njia ya kumulika sampuli kwa leza na kuichambua nuru inayotawanywa) mafuta ya alizeti niliyoyanunua Kariakoo, ili nibaini kama yamechanganywa na mawese. Vilele vinaonekana kwenye spektra, yaani mchoro wa nuru hiyo, lakini vyote vimekaa juu ya mkunjo unaoinuka. Nimeuondoa kwa polinomia (mkunjo wa hesabu unaolinganishwa na data) ya digrii ya 5, kisha ya 7, na kila mara uwiano wa vilele umebadilika. Nifuate njia ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kubadilika huko ndiko kiini cha swali lako. Uwiano unaoutafuta, yaani kilele cha 1655 cm⁻¹ (kipimo cha mahali pa kilele kwenye spektra) kwa kile cha 1440, hushuka mawese yanapoongezeka, kwa sababu kilele cha 1655 hutokana na viunganishi pacha vya kaboni, na mawese yanavyo vichache kuliko alizeti. Kwa hiyo mstari wa msingi, yaani makadirio ya mkunjo unaouondoa, ukipanda kidogo tu chini ya kilele kimoja, utayahukumu mafuta ya mfanyabiashara kwa kosa la hesabu yako mwenyewe.

Kabla ya hesabu, itazame chupa yako. Leza ya nanomita 785 ikipita katika kioo cha kawaida huleta mwinuko mpana karibu na 1400 cm⁻¹, jirani kabisa na kilele chako. Pima chupa tupu, au tumia ya kwazi (quartz). Sehemu kubwa ya mkunjo uliobaki huenda ni fluoresensi, yaani mng'ao wa rangi asilia za mafuta zinapomulikwa, nayo mara nyingi hupungua ukiiacha leza imulike sampuli kwa dakika chache kabla ya kurekodi.

Polinomia haina kosa kwa asili yake, ila haijui kilele ni nini. Ukiilinganisha na nukta zote, vilele huivuta juu. Ukiipandisha digrii, huanza kuyumba, hasa kwenye ncha za spektra ambako haina cha kuishikilia. Ndiyo maana ninakushauri upime hadi 2600 cm⁻¹ hata kama vilele vyako vinaishia 1760, kwani kati ya hapo mafuta hayana kilele cha maana, na mstari wowote utapata pa kuegemea.

Ningeanza na njia ya miraba midogo isiyo na ulinganifu, ambayo Eilers na Boelens waliieleza mwaka 2005. Mstari laini hupitishwa kwenye data. Kisha nukta zilizo juu yake hupewa uzito mdogo, tuseme 0.01, na zilizo chini 0.99, na hesabu hurudiwa, kwa kawaida mara kama 10, hadi uzito usibadilike tena. Hivyo mstari hukaa sakafuni na kuviacha vilele. Unachagua mambo mawili: uzito huo, p, kati ya 0.001 na 0.1, na lamda, kipimo cha ulaini, kati ya 100 na 1,000,000,000. Lamda ikiwa ndogo mno, mstari utapanda ndani ya vilele na kuvila. Ikiwa kubwa mno, utakuwa mgumu kama rula na kuuacha mkunjo palepale. Anza na 100,000, uchore mstari juu ya spektra ghafi, na uutazame kwa macho yako. Ujue pia kwamba data yenye kelele nyingi itaushusha mstari huu chini kidogo ya inavyostahili.

Usichague thamani hizo kwa kuangalia sampuli za Kariakoo, maana utaishia kuchagua jibu unalolitarajia. Tengeneza michanganyiko yako mwenyewe yenye mawese asilimia 0, 10, 20 na 40, upime kila mmoja mara tatu, na ushike thamani zinazofanya uwiano ushuke kwa mpangilio huku vipimo vya kurudia vikikaribiana. Zikishapatikana, zitumie bila kuzigusa kwa kila chupa ya sokoni, na uziandike katika sura ya mbinu pamoja na aina ya chupa uliyotumia.