Maandishi mbadala ya picha: tumwandikie Google au mtu asiyeona?

SWALI: Nauza viatu mtandaoni. Fundi wa SEO (kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji) aliniambia nijaze maneno yanayotafutwa sana kwenye maandishi mbadala ya kila picha, yaani maelezo yaliyo kwenye msimbo ya kumweleza asiyeiona picha, na chini ya kila ukurasa niweke aya zenye rangi ileile ya mandharinyuma zisionekane. Juzi mteja asiyeona ameniandikia kwamba kisoma skrini chake, programu inayosoma ukurasa kwa sauti, kinamsomea "viatu, viatu, viatu" mpaka anafunga ukurasa. Nikivifuta vyote hivi si nitashuka Google? Nizipatanishe vipi pande hizi mbili?

JIBU: Vifute leo, usisubiri kesho. Pande zinazogombana hapa si hizo unazozidhania. Mteja wako na Google wako upande mmoja. Aliye peke yake ni fundi wako. Miongozo ya Google inakataza kurundika maneno kwenye maandishi mbadala, na inahesabu maandishi yaliyofichwa ili kudanganya injini ya utafutaji kuwa taka. Umelipia kitu kinachoweza kukushusha.

Tuchukue picha moja. Nadhani sasa hivi imeandikwa hivi: "viatu, viatu vya ngozi, viatu bei nafuu, nunua viatu mtandaoni". Mtu akisikia hayo hajui kama anaonyeshwa ndara au buti. Andika: "Kiatu cheusi cha ngozi cha kufunga kamba, kisigino kifupi, kimepigwa picha kwa ubavu." Neno "kiatu" limo, "ngozi" limo, na roboti ya Google, programu inayopita kwenye kurasa kuzikusanya, ambayo husoma maandishi hayo pamoja na maneno yanayoizunguka picha, imepata ilichotaka. Kipimo changu ni rahisi: mpigie rafiki simu umweleze picha hiyo kwa sentensi moja. Utakachomwambia ndicho cha kuandika. Picha za mapambo tu, kama mistari na maua ya pembeni, ziachie alt="" tupu (alt ndiyo sifa ya msimbo inayobeba maandishi mbadala) ili kisoma skrini kizipite. Usiifute sifa yenyewe. Isipokuwepo kabisa, baadhi ya visoma skrini huanza kusoma jina la faili, na hakuna anayetaka kusomewa IMG_20394.

Aya zilizofichwa zina utata kidogo, kwa sababu si kila maandishi yasiyoonekana ni udanganyifu. Kama kitufe kina alama ya kikapu tu, kukiwekea maneno "Fungua kikapu" yanayosikika kwenye kisoma skrini pekee ni halali, na Google wenyewe wanayaruhusu. Jiulize yamewekwa kwa faida ya nani. Aya zako hazimfaidii mtu yeyote, na huenda mteja wako anasomewa hizo nazo mpaka mwisho.

Viungo ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Niliwahi kukaa na mwenzangu asiyeona anayetumia kisoma skrini kiitwacho NVDA. Akabonyeza Insert na F7, ikatokea orodha ya viungo vyote vya ukurasa niliokuwa nimeutengeneza mwenyewe, tena kwa majivuno. Kikaanza: "Soma zaidi. Soma zaidi. Soma zaidi." Mara kumi na nne. Akanigeukia akaniuliza, "Nisome zaidi kuhusu nini?" Sikuwa na jibu. Google nayo hutumia maneno ya kiungo kukisia ukurasa unaofuata unahusu nini, kwa hiyo "Tazama buti za mvua" linawafaa wote wawili. Badilisha maneno yanayoonekana, usikimbilie kuweka aria-label, yaani jina lililofichwa kwenye msimbo, juu yake: anayeendesha kompyuta kwa sauti husema kile anachokiona, na kama jina lililofichwa ni tofauti kabisa, kiungo hakitaitika.

Angalia pia kama viungo vyako ni viungo kweli. Mafundi wengi hutengeneza "kitufe" kwa div, yaani kisanduku cha kawaida cha msimbo, chenye JavaScript ya kukifanya kibonyezeke. Ukiwa na kipanya hutaona tatizo. Anayetumia kibodi hakifikii, na roboti ya Google, ambayo haibonyezi vitufe, haifiki kwenye kurasa za nyuma yake. Inachofuata ni tegi ya a yenye href, yaani kiungo halisi chenye anwani ya ukurasa.

Sasa, nisikudanganye kwamba kumfaa asiyeona na kuifaa Google ni kitu kimoja. Vichwa vya habari, kwa mfano: asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa herufi H, kwa hiyo ukitoka kichwa kikuu (h1) ukaruka hadi kichwa kidogo cha ngazi ya nne (h4) unampoteza. Google wanasema kwenye mwongozo wao kwamba mpangilio huo ni mzuri kwa visoma skrini, ila kwao si hoja. Rangi nazo: WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma, lakini usitegemee kijivu chako kilichofifia kikikolea kitakupandisha kwenye matokeo. Fanya tu. Mtu aliyeshindwa kusoma bei hanunui, hata kama umekuwa wa kwanza.

Kuna jingine ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalisahau sana. Fungua msimbo wa ukurasa, tazama mstari wa html. Kama ulitumia kiolezo cha kununua, naweka dau imeandikwa lang="en", yaani ukurasa ni wa Kiingereza. Google haijali, lugha huitambua kutokana na maandishi yenyewe. Kisoma skrini kinajali mno: kitachukua sauti ya Kiingereza na kukivunjavunja Kiswahili chako kama mtalii wa siku ya kwanza. NVDA huja na eSpeak, programu ya kutoa sauti, ambayo Kiswahili inakijua, ila lazima iambiwe. Weka lang="sw". Ni herufi mbili, na pengine nusu ya malalamiko ya mteja wako iko hapo.

Kwa mpangilio wa kazi: anza na lang na aya zilizofichwa, ni za dakika chache. Halafu viungo. Picha fanya mwisho, ukianzia na viatu vinavyouzika zaidi. Ukimaliza, mwombe mteja huyohuyo ajaribu kuagiza jozi moja, nawe ukae pembeni bila kumwelekeza.