Barua kwa mwanangu: maili ya pili

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Bagamoyo hatujambo. Umeniuliza juu ya ule msemo wa Kiingereza ambao bosi wako hauachi mdomoni kila mnapofunga hesabu za mwezi, kwamba mfanyakazi mzuri huenda maili ya ziada. Unataka kujua kama huo ndio upendo wa Kikristo, na kama kukataa kubaki kazini hadi saa tatu usiku bila malipo ni dhambi.

Si dhambi, mama.

Msemo wenyewe umetoka kweli kwenye Biblia, Mathayo 5:41: mtu akikulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili. Nchi ilikuwa mikononi mwa Warumi, na askari wao aliweza kumkamata mpita njia yeyote amchukulie mzigo. Ndivyo Simoni Mkirene alivyoshurutishwa kuubeba msalaba. Maili ya kwanza, basi, ni amri ya mwenye upanga. Ya pili hakuna aliyeiamuru. Unaitoa mwenyewe, tena kwa mtu aliyekuonea; mistari mitatu mbele Yesu anasema wapendeni adui zenu. Kwa hiyo bosi akikuagiza maili ya pili, hiyo bado ni ya kwanza, na malipo yake mkadaiane kwa mkataba.

Nikipita pale misheni huwafikiria Chuma na Susi, watumishi wa yule mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Wangemzika palepale wakarudi makwao, nani angewauliza? Wao na wenzao wakambeba zaidi ya maili 1,000, wengine wakafia njiani, hadi wakamfikisha hapa Februari 1874.

Na jirani yetu, yule wa ugomvi wa mpaka, anaumwa mguu. Baba yako humpelekea ndoo mbili za maji kila alfajiri, anazimimina kwenye pipa, analifunika kwa sinia, anaondoka. Hawajapatana bado. Maji yanakwenda.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba yule mwenzako aliyekusengenya amekwama na hesabu zake kwa sababu mtoto wake amelazwa. Bosi hajakuagiza umsaidie, wala yeye hana uso wa kukuomba. Huyo ndiye ningependa umfikirie. Ukibaki kwa ajili yake hadi saa tatu, nipigie tu nijue umefika nyumbani salama.

Mama yako