"Tuichimbe kabla haijavuja": hoja ya metani ya bahari kuu isiyosimama

SWALI: Nimesikia chini ya bahari kuna barafu inayowaka, yenye metani ya kuitosha dunia kwa karne nyingi. Wanasema bahari ikizidi kupata joto itavuja yenyewe, kwa hiyo kuichimba mapema na kuiunguza ni kuokoa tabianchi. Ni kweli? Na gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara ndiyo hiyo? Kuna watu wananishawishi ninunue hisa. (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Ndugu msomaji, la Mtwara ni fupi: hapana. Gesi ya vitalu namba 1, 2 na 4 ni gesi asilia ya kawaida. Imenaswa kwenye miamba ya mchanga chini sana ya sakafu ya bahari, penye joto ambalo haidreti, yaani hiyo barafu yenye metani, haiwezi kulistahimili. Kwa wahandisi wa gesi ya kina kirefu haidreti ni adui. Gesi ikikutana na maji ndani ya bomba lenye baridi na mgandamizo mkubwa, huganda na kuliziba, ndiyo maana hutiwa glaikoli, kemikali ya kuzuia kuganda. Mei 2010, katika Ghuba ya Mexico, kuba la chuma lililoteremshwa karibu mita 1,500 ili kukinga mafuta yaliyokuwa yakivuja kwenye kisima cha Macondo lilijaa haidreti, likashindwa kazi.

Sasa hilo la "itavuja hata hivyo", ambalo nakutana nalo kila mara na linaniudhi kuliko yote. Haidreti inayotishiwa na joto la bahari ni ile ya ukingoni, kwenye miteremko yenye kina cha mita 300 hadi 500 hivi. Hiyo ni haba, imetawanyika kwenye matope, na hakuna mchimbaji anayeitaka. Wanayoifuata zaidi imejaa kwenye tabaka za mchanga, chini ya maji ya mita 1,000 na zaidi, kisha chini ya mamia ya mita za mashapo. Joto la bahari litahitaji maelfu ya miaka kupenya hadi huko. Kwa hiyo mchimbaji haokoi gesi iliyokuwa inatoroka, anafungua iliyokuwa imetulia. Tena metani inayotoka kwenye sakafu ya kina kirefu, sehemu kubwa huyeyuka majini na kuliwa na bakteria kabla ya kufika juu. Ikivuja juu ya maji, kwenye mtambo, bomba au meli, hakuna bakteria wa kuisubiri.

Piga hesabu ya kilo 100 za metani. Kila kilo ikiungua hutoa kilo 2.75 za hewa ya ukaa. Kilo moja ikivuja bila kuungua, kwa kipimo cha miaka 20, hupasha dunia joto sawa na kilo 82 hivi za hewa ya ukaa. Zikivuja kilo 3 tu, ni sawa na kilo 246, wakati zile 97 zilizoungua zimetoa 267. Uvujaji wa asilimia 3 unakaribia kuongeza mzigo mara mbili.

Wauzaji hupenda kutaja kwamba lita moja ya haidreti hutoa takriban lita 164 za gesi. Ni kweli, lakini waulize inatokaje. Machi 2013, kwenye Mfereji wa Nankai, Wajapani wakitumia meli ya Chikyu walipunguza mgandamizo kisimani kutoka megapaskali 13.5 hadi karibu 5, haidreti ikaanza kuachia gesi. Walipata takriban mita za ujazo 120,000 kwa siku sita, kisha mchanga ukaingia kisimani na kazi ikasimama. Sababu ni kwamba haidreti yenyewe ndiyo inayoshikilia chembe za mchanga. Ukiitoa, tabaka linalegea. Walipojaribu tena mwaka 2017, mchanga ulikisumbua kisima cha kwanza cha jaribio hilo. Juu ya hapo, haidreti ikivunjika hunyonya joto la mazingira yake, tabaka linapoa, na gesi inapungua au kuganda upya.

China, kwenye eneo la Shenhu mwaka 2020, ilitumia kisima cha mlalo na kupata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30, yaani kama 28,700 kwa siku. Ni kazi kubwa ya kihandisi, naiheshimu. Lakini kisima kimoja kizuri cha gesi ya kawaida baharini huweza kutoa zaidi ya milioni moja kwa siku. Na yale makadirio ya "karne nyingi" yanajumlisha haidreti iliyomo kwenye matope laini, ambako gesi hupita kwa shida hata ukipunguza mgandamizo.

Basi anayekuuzia hisa mwulize kisima chake kimetoa gesi kwa siku ngapi mfululizo, mita za ujazo ngapi, na kilisimama kwa sababu gani. Akikujibu kwa video ya barafu inayowaka, ondoka. Akisema ana kitalu Tanzania, ulizia PURA, mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi nchini, kabla ya kutoa senti. Hisa zinazouzwa kwa umma nchini zinahitaji waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Udai huo waraka mkononi, na uthibitishe idhini yake kwa Mamlaka yenyewe, si kwa namba ya simu aliyokupa yeye.